Fundi wa Trekta Niliyemwita Ndugu Yangu

Mwanangu Sahra,

Baba yako yuko uani anafunga sanduku lako la kwenda chuoni. Amelifunga, akalifungua, sasa analifunga tena, maana hakuna fundo linalomridhisha. Wewe uko kwa shangazi yako unapakwa hina, na saa ya kafyu bado, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa na taa bila mtu kuniuliza naandika nini. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu hakina namna moja ya kuandikwa, na Kiarabu changu kinaishia kwenye Kurani. Kiswahili nilisoma Isiolo baba yangu alipokuwa askari polisi, na ndicho kitu pekee nilichotoka nacho huko ambacho hakuna aliyeweza kukichukua.

Sitakuambia uswali, ule vizuri, usitembee ovyo. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Kuna jambo jingine nimekuficha, na afadhali ulipate kwangu kuliko kwa mtu mwingine. Likizo ya kwanza utakwenda Isiolo kwa ayeyo wako, mama yangu. Najua mtakaa mkiongea, na siku moja utamtajia abti Bashir, yule mjomba aliyetengeneza trekta letu ukiwa huko shuleni. Naye atakuuliza, Bashir gani? Maana mama yangu hakuzaa mtoto wa jina hilo.

Abti Bashir si ndugu yangu. Niliposema ni ndugu yangu, niliyemwambia kwanza alikuwa koplo wa jeshi. Serikali ukishaiambia uongo, nyumba nzima ni lazima iushike, na wewe ulirudi ukaukuta umeshika.

Nianze na trekta lenyewe. Ulikuwa umeondoka kwenda shule miezi michache tu, na mifugo yetu ilikuwa imekamatwa pamoja na ya watu wengine wengi, eti tunawalisha mashifta, wale waasi wa porini. Ngamia walikwenda, ng'ombe wakaenda, tukabaki na mbuzi wa maziwa na kile kipande cha shamba kando ya mto ambacho baba yako hakuwahi kukiheshimu. Kwake yeye kulima kulikuwa kazi ya watu waliokosa kazi. Basi siku moja adhuhuri namwona anakuja na punda wawili na vijana wa sokoni, wanakokota chuma kilichoota kutu mpaka rangi yake haijulikani. Lilikuwa trekta dogo la bustani, la yule Mzungu wa ofisini aliyekuwa akipanda maua na kabichi nyuma ya nyumba yake. Alipoondoka wakati wa Uhuru, vitu vyake vilinunuliwa na Salim, Mwarabu mwenye duka karibu na msikiti. Miaka yote hiyo trekta lilikuwa nyuma ya duka, na kuku wa Salim walikuwa wakitaga kwenye kiti chake.

Nilimuuliza baba yako anataka kulifanyia nini. Akasema, kulifufua. Nikamuuliza akishalifufua alipeleke wapi, na barabara hazipitiki. Akasema, mpaka mtoni tu.

Sikumwamini. Nataka uelewe wakati ule ulikuwa wa namna gani, maana wewe uliukosa. Mtu akionekana na baiskeli aliulizwa anakwenda kumwona nani. Mwenye debe la mafuta aliulizwa ya nini. Mtu aliyeacha kuja msikitini tulisema amekwenda porini, na aliyezidisha kuja tulisema anasikiliza ili apeleke maneno kambini. Na katikati ya hayo mume wangu, aliyezaliwa nyuma ya ngamia na asiyejua hata kutia taa utambi, ananunua mashine ya chuma yenye bomba, mikanda na tangi. Nilifikiri kuna mtu amemtuma. Alipokwenda kuswali nilichukua kijiti nikakitia ndani ya tangi, nikachokora. Nilitoa maji ya kutu na maganda ya mayai. Sijui nilitegemea kutoa nini.

Lakini sikuridhika. Mtu mwenye shaka akikosa kitu leo, husema kimehamishwa.

Baba yako alilifungua lile trekta peke yake akashindwa kulifunga. Sehemu zilikuwa zimetandazwa juu ya turubai kama nyama ya sadaka. Ndipo akaja huyo Bashir. Baba yako alikutana naye kwenye kibanda cha chai, mtu mwembamba, kimya, kovu jipya shingoni, akasema ni wa Eldas, mbali upande wa Wajir, na anajua injini. Hakuomba mshahara. Aliomba chakula na mahali pa kulala, basi akawekwa kwenye kile kibanda cha shambani ambacho sasa tunahifadhi mbegu.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoisha. Mtu wa Eldas anafanya nini Garissa, hana jamaa, hana mzigo, na hataki hela? Nikaanza kumchunguza. Kila gari likinguruma barabarani alisimama akageuka kulitazama mpaka lipotee. Alimuuliza baba yako msafara wa jeshi unatoka siku gani, magari mangapi, la mbele ni lipi. Mimi nikiwa nachuma nyanya nilisikia, na moyo wangu ukasema, huyu ndiye. Huyu ni mtu wa mabomu ya ardhini, amekuja kuhesabu magari, na mume wangu amempa nyumba.

Nilimwambia baba yako. Akanijibu kwamba mtu akitaka kuhesabu magari hukaa njiani, haji kusugua kabureta la kuku. Tukagombana. Toka siku hiyo niliwapelekea chai nikaiweka mbali, kwenye kisiki, nikarudi bila kukaa. Sikumuuliza yule mtu swali hata moja. Nilijua kila anachofanya na sikujua chochote kumhusu.

Kitu kimoja kilinikera zaidi. Injini ilikuwa inavutwa kwa kamba, na kila wakivuta inakohoa, inazima. Baba yako akaipa jina. Akaiita Ardo. Unajua kwetu mkwe hatajwi kwa mzaha, na yeye anaita chuma kibovu kwa jina la mama yangu, anasema ni kwa sababu nayo inataka kubembelezwa miaka kabla ya kukubali. Hata Bashir aliona haya, akainamisha kichwa. Baba yako aliendelea tu. Asubuhi nzima utasikia, Ardo leo hataki, Ardo wa Isiolo ananusa petroli halafu anakasirika. Nilikasirika mpaka nikaacha kumwekea sukari.

Sasa nifike penyewe. Asubuhi moja nilijaza kikapu nyanya, nikajifunika, nikaenda kambini. Nilikuwa nikiwauzia askari mboga, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona. Lakini siku ile sikwenda kuuza. Nilikwenda kumsema Bashir. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nilijiambia kwamba wakimkuta kwetu kabla sijasema watatuchoma sote, na nikisema kwanza baba yako atasalimika. Sikujidanganya kuhusu yeye Bashir. Watu waliochukuliwa kutoka mashambani nilijua hawarudi.

Koplo wa getini alikuwa mtu wa bara, mpole kiasi, ananiita mama. Kabla sijaweka kikapu chini akaniambia, "Mama, afadhali umekuja. Kwenu kuna mtu anatengeneza trekta. Tumeambiwa jioni anachimba kando ya mto na kufukia vitu."

Sahra, nilisimama pale nikahisi kama mtu amenitoa maneno mdomoni. Kulikuwa na mwingine aliyenitangulia. Shaka yangu niliyodhani ni yangu peke yangu, niliyoilea usiku na mchana, ilikuwa imeshatembea mjini. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu ambacho mimi nilikijua vizuri kuliko huyo msemaji. Kule kuchimba nilikuona kwa macho yangu. Ulikuwa mfereji. Bashir alisema trekta likipona litaweza kuzungusha pampu kwa mkanda, na maji yatahitaji njia ya kufika kwenye matuta. Alichimba jioni kwa sababu mchana jua la kwetu haliruhusu. Niliukanyaga ule mfereji kila siku, nikamlaani kwa kunichafulia ndara. Hakufukia chochote.

Basi nikawaza, kama hili ninalolijua ni uongo, yale nisiyoyajua je? Yale niliyokuja kuyasema mimi, mtu mwingine akiyasikia atayaona ya kweli kwa sababu nimeyasema mimi mke wa mwenye shamba. Sikuwaza kwa upole kama ninavyoandika sasa. Koplo akauliza tena, "Ni nani huyo?"

Nikasema, "Ni ndugu yangu. Mama mmoja."

Mpaka leo sijui ule ujasiri ulitoka wapi, na sitaki ufikiri nilimwamini Bashir dakika ile. Sikumwamini. Nilikataa tu kuwa mtu wa pili kusema.

Koplo hakugomba. Aliita askari wawili akasema, twende tukamsalimie mjomba. Hapo nikaona nilichokifanya. Bashir hakujua kwamba amekuwa ndugu yangu. Baba yako naye hakujua. Na mimi natembea mbele na kikapu changu kimejaa vilevile, bunduki ziko nyuma yangu, na hakuna namna ya kuwatangulia.

Tulipokaribia uzio niliita kwa sauti, kama mtu mwenye hasira ya nyumbani, "Abowe, una wageni kutoka kambini." Hakuna mwanamke wa kwetu anayemwita mgeni abowe, yaani kaka. Baba yako aliinua uso akanitazama kama aliyepigwa jua. Bashir alikuwa amepiga magoti kando ya trekta, mikono imejaa grisi. Alinitazama mimi, akawatazama askari, akasema, "Karibuni. Dada yangu huyu huchelewesha chai, leo ameleta na wageni kabisa."

Koplo hakuwa mjinga. Aliniambia nikae mbali, nisiseme neno. Akamuuliza Bashir, "Mama yenu anaitwa nani?"

Mimi sikuwahi kukaa na yule mtu hata mara moja. Sikuwahi kumtajia mama, wala baba, wala Isiolo. Nilitazama chini nikaanza kusoma dua ninayosoma mtu akiwa anakata roho.

"Ardo," akasema Bashir. "Yuko Isiolo."

Koplo akanigeukia nikatikisa kichwa kukubali. Baba yako ndipo alipoelewa. Akakohoa, akageuka kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. Na mimi niliyekuwa nimemnunia kwa ajili ya jina lile, nilitamani kumbusu mbele ya jeshi.

Wakaamrisha trekta liwashwe, kama kweli huyo ni fundi. Bashir akavuta kamba, likakohoa, likazima. Akavuta tena mpaka jasho likamwagika, halikuwaka. Askari mmoja akacheka. Walipekua kibanda, wakachungulia tangi, wakatia bayoneti kwenye mfereji hapa na pale wakakuta udongo. Mwisho koplo akachukua debe letu la petroli, akasema atalirudisha siku atakayosikia mashine inanguruma. Na kikapu cha nyanya wakaenda nacho. Alipokuwa anaondoka aliniambia taratibu kwamba anatumaini ndugu yangu atakaa siku chache tu.

Walipopotea, baba yako aliketi chini. Nilichukua chai, na kwa mara ya kwanza sikuiweka kwenye kisiki. Niliketi mbele ya Bashir nikamwambia, nimekuita ndugu, sasa niambie wewe ni nani.

Akatuambia. Alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Habaswein. Walikuwa wakitoka Wajir na mizigo na abiria juu, tajiri mwenyewe amekaa mbele. Mahali fulani aliona mchanga wa njia umekaa vibaya, laini kupita kawaida, kama uliofagiliwa. Akasimamisha gari akashuka kutazama. Tajiri alikuwa na haraka. Alimwita mara kadhaa arudi, akamwambia anaogopa kivuli, kisha akahamia kwenye usukani akaliondoa lori mwenyewe. Bashir alikuwa kando ya barabara, anawapungia mikono wasimame. Bomu lilikuwa palepale alipoonyesha.

Waliokufa walikuwa wengi, na tajiri mmoja wao. Kovu la shingoni lilikuwa la kipande cha bati. Askari walipofika swali lao lilikuwa moja, dereva alikuwa nje ya gari anafanya nini? Jamaa za marehemu nao walikuwa na swali hilohilo. Walisema hakuna ajuaye bomu lilipo ila aliyelitega. Akakimbia kwa miguu. Ndiyo maana aliuliza habari za misafara. Hakuwa akihesabu magari. Alikuwa akitaka kujua siku za kutokaa karibu na barabara.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akasema, "Ningemwambia nani? Wewe uliniogopa hata kuniletea kikombe mkononi."

Lakini nakuambia kweli, hata baada ya kusikia hadithi yote ile sikuimeza nzima. Usiku nilijiuliza kama ameitunga. Mtu akizoea kushuku haachi kwa kusikia maneno mazuri. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii nilikwenda kuuliza. Kuna mama anayeuza samli hapa sokoni, jamaa zake wako Habaswein. Nilimwomba aulizie, bila kutaja mtu, mjane wa yule tajiri anasemaje kuhusu kifo cha mumewe.

Jibu lilichelewa sana kwa sababu ya njia kufungwa. Bashir hakulingoja. Alipata petroli kidogo kutoka kwa dereva mmoja, akasafisha upya ile magneto inayotoa cheche, na siku chache baada ya koplo kuja trekta likawaka. Baba yako alilizungusha shamba zima bila kulima chochote, anacheka peke yake. Maji yalipopanda kwenye matuta nilimwona Bashir amesimama kwenye ule mfereji, suruali imekunjwa, anayatazama yakipita. Kesho yake alivuka mto kwa mtumbwi kwenda upande wa pili. Alisema atateremka kuelekea pwani akafanye kazi ya injini za pampu, mahali ambapo hakuna anayejua Habaswein iko wapi. Aliniaga kama ndugu, kwa mkono kifuani. Nilimpa muufo, mkate wetu wa unga wa mahindi, na tende. Sikumwomba msamaha kwa lile nililokwenda kulifanya kambini, kwa sababu hakulijua. Baba yako pia halijui. Sasa unalijua wewe.

Nani alimsema, sijui. Namshuku Salim, maana trekta lilipoanza kupata sura alikuja kulitazama, akasema alituuzia kwa kutojua thamani yake, na uso wake haukupendeza. Lakini kila nikienda dukani kwake ananiulizia habari zako, na juzi amekutilia zile peremende kwenye mfuko bila kudai kitu. Namtazama mikono anaponipimia sukari nikijaribu kujua. Sijajua, na nimeamua kutomwambia mtu yeyote jina lake ila wewe. Nawe usilitamke.

Nimekueleza haya kwa sababu ya huko uendako. Chuoni utakuwa wewe peke yako, au wawili, wenye majina kama yetu. Watakuangalia shuka unalojitanda, watanyamaza ukiingia. Kuna atakayeuliza ndugu zako wako wapi, na hatakuwa anauliza kwa mapenzi. Utakapopigwa na jicho la namna hiyo, ujue ndilo nililompiga mimi yule mtu kila asubuhi akiwa na mikono ya grisi. Nililijua kwa ndani. Halikuwa chuki. Ilikuwa hofu, na alikuwa karibu kufa kwa hofu yangu. Mwenye kukutazama hivyo, ukiweza, msogelee umpe jina lako na la mama yako kabla hajaenda getini. Ukishindwa, kaa na watu wanaokuona kila siku, wawe mashahidi wa unachochimba.

Sikuambii umwamini kila mtu. Mimi mwenyewe siwezi, na huenda ndiyo maana bado tuko hai. Shuku, lakini uliza. Na ukiona umeshaanza kupanga maneno ya kumsema mtu njiani, keti chini kwanza.

Jibu la Habaswein lilifika mwezi uliopita. Mjane amesema abiria mmoja alipona, naye ameshuhudia mbele ya wazee kwamba dereva aliwazuia na mumewe ndiye aliyeshika usukani. Wazee wamekubali. Amesema dereva wake arudi asalimie watoto, na kwamba hakuna mtu wa upande wao atakayemgusa. Nimelia kwa habari hiyo, maana sijui nimpelekee wapi. Baba yako amewauliza wavushaji wote wa mtumbwi. Wengine wanasema alionekana Bura, wengine wanasema hawajui mtu huyo, na siwezi kuwalaumu.

Huko chuoni watakuwepo wanafunzi wa pwani. Usiulize siku ya kwanza, watashangaa. Ukishajuana nao, waulize kama kwao kuna fundi wa injini, mwembamba, mwenye kovu shingoni, asiyependa kupanda gari. Ukimpata usimwandikie. Nenda mwenyewe likizo, umwambie kwa mdomo yale aliyosema mjane. Atakuuliza umetumwa na nani, na atakuwa na haki ya kutokuamini. Mwambie umetumwa na dada yake.

Mama yako,
Hooyo